Uchambuzi wa kisa: Dokta wa mashine zinazojiendesha na pampu iliyoshushwa duarani

Kabla ya kisa

Kisa hiki nilikuwemo ndani. Nilikuwa msaidizi wa utafiti, kwahiyo msitegemee niandike kama mtu aliyekaa pembeni. Majina yote nimeyatoa, chuo nimekitoa, kijiji na kampuni pia, na miaka nimeihesabu tangu Dokta, mhadhiri ambaye kisa hiki kinamhusu, arudi nchini, yani mwaka wa kwanza, wa pili, na kuendelea. Kitu pekee nilichokiacha ni wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, maana ukiitoa Ruangwa kisa chenyewe hakieleweki. Naandika kwa ajili ya wahadhiri vijana na wanaosoma masters na PhD za uhandisi migodi, hasa nyie mnaorudi na ujuzi mkubwa halafu mnafika nyumbani hamjui mtaushikia wapi.

Alikotoka

Dokta ni mwanamke wa huku huku Kusini, baba yake mkulima wa korosho na ufuta. Kasoma uhandisi migodi Dar es Salaam, akafanya kazi kidogo kwenye mgodi mkubwa wa dhahabu Kanda ya Ziwa, halafu akapata skolashipu Ulaya kaskazini, masters mpaka PhD. Utafiti wake ulikuwa ni namna mashine ya kuchota mawe chini ya ardhi inavyoweza kujiendesha bila mtu. Kule chini GPS haishiki, mwamba unaizuia, kwahiyo mashine inapiga leza kwenye kuta, inalinganisha inachokiona na ramani iliyonayo ndo inajua iko wapi na inaelekea wapi.

Na hivi vitu kule si ndoto. Kiruna, Sweden, treni za kubeba madini ya chuma zinatembea zenyewe chini ya ardhi, ngazi ya sasa wanaiita 1,365 na hiyo namba ni mita. Australia, kampuni ya madini ya Rio Tinto walianza kujaribu malori ya Komatsu yasiyo na dereva kule Pilbara mwaka 2008, na 2010 wakafungua kituo Perth ambapo mtu amekaa kwenye kiti anasimamia migodi iliyo kilomita kama 1,500 kutoka alipo. Afrika hii hii kuna Syama, Mali, mgodi wa chini uliopangwa tangu mwanzo mashine zijiendeshe. Kwahiyo aliporudi na kuanza kazi kama mhadhiri, alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba na hapa inawezekana.

Mambo yalivyokwenda

Miaka miwili ya kwanza ilikuwa ya kuandika proposo. Aliandika ya gari dogo la kupima mapango ya mgodi likijiendesha, ikarudi. Akaandika nyingine, ikarudi, na swali lilikuwa lile lile, utajaribia wapi? Migodi mikubwa inanunua mfumo mzima kutoka kwa waliotengeneza mashine, na ile softwea imefungwa, mtafiti wa nje huruhusiwi kuifungua. Maabara ya chuo ilikuwa na kompyuta sita, mbili zinawaka.

Mwaka wa pili mwishoni likatokea tumaini. Ruangwa kuna madini ya kinywe (grafaiti) mengi, na tangu miaka ya 2010 watu walikuwa wanasikia habari za migodi ya kinywe itakayofunguliwa. Kampuni moja ikamwandikia barua kwamba shimo likianza kuchimbwa watamruhusu aweke vifaa vyake. Barua tu. Dokta akachukua wanafunzi wawili wa masters, mada zao zote zikategemea shimo lile. Shimo halikuanza. Tulisubiri mwaka na zaidi, mara fedha za wawekezaji hazijakamilika, mara fidia, mara barabara. Mwanafunzi mmoja akaacha akaenda kufanya kazi benki, na simlaumu, ana watoto.

Mwaka wa tatu tulikuwa Ruangwa tunapima miamba, tumefikia gesti moja pale mjini. Asubuhi tunakunywa chai na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, mama anayetuhudumia anasema leo hapiki mchana, anakwenda msibani, vijana wawili wamefia duarani, yani kwenye shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Dokta akauliza kimewaua nini, kifusi? Mama akasema hapana mwanangu, hawana hata mchubuko, wametolewa kama wamelala.

Tulikwenda kutoa pole. Pale msibani hatukuuliza chochote, tulikaa tu mkekani na wenzetu. Siku ya tatu ndo mzee mmoja, mwenye duara la jirani, akatuita mwenyewe. Dokta akamwamkia, shikamoo mzee, marahaba binti yangu, nimeambiwa wewe ni daktari wa migodi, haya njoo uone mgonjwa.

Duara lilikuwa na kina cha kama mita 25, matimba, yani magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke, yamepangwa vizuri tu, winchi ya mkono juu. Mzee akatuonyesha wanavyopima hewa: kibatari kinafungwa kwenye kamba, kinashushwa taratibu, kikizimika hakuna anayeshuka. Akasema hata hao vijana walishusha kibatari. Kiliwaka mpaka chini.

Nataka nikae hapa kidogo, maana kila kilichofuata kimeanzia kwenye kile kibatari. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Moto wa kibatari unazimika oksijeni ikishuka kama asilimia 16 hivi, kwahiyo kwa ile hewa nzito inayolala chini ya shimo lililokaa muda bila kufanyiwa kazi, kibatari kinasema kweli na kimeokoa watu wengi kabla ya sisi wote kuzaliwa. Lakini wale vijana walishusha pampu ya petroli kutoa maji, ikanguruma kule chini karibu saa nzima, wakaizima, wakapumzika, wakapima, wakashuka. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kiasi kidogo sana kinatosha kuua, oksijeni bado ipo ya kutosha, kibatari kinawaka kama kawaida.

Usiku ule Dokta hakulala. Asubuhi akaniambia tunabadilisha mradi.

Maamuzi, na kwa nini aliyafanya

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha mashine zinazojiendesha na kutengeneza kifaa cha kupima hewa kinachoamua chenyewe. Mkuu wake wa idara hakupenda. Alimwambia hii siyo otomesheni, hii ni kengele, na kengele haikupandishi kuwa mhadhiri mwandamizi. Dokta akamjibu kwa heshima kwamba mfumo wowote unaojiendesha una mambo matatu, unahisi, unaamua, unatenda, na kama kifaa kinahisi gesi, kinaamua kwamba siyo salama, kinafunga winchi na kuwasha blowa, ile feni ya kusukuma hewa safi chini, basi ni kitu kile kile alichosomea ila kimevaa kandambili. Mi naona alikuwa sahihi. Naona pia mkuu wa idara hakuwa na nia mbaya, alijua kamati ya vyeo inavyohesabu pepa.

Uamuzi wa pili: kutoshuka. Pale kijijini, kama sehemu nyingi za wachimbaji wadogo, mwanamke haingii duarani, wanaamini madini yanapotea. Mimi niliudhika kwa niaba yake. Yeye akasema sijaja kubishana na watu waliotoka kuzika juzi, kifaa kitashushwa kwa kamba kama kibatari chao, na kama kinapima kikiwa kimening'inia basi hata mwanaume hana haja ya kushuka kwanza. Na kweli, lile katazo ndo lilitufanya tuachane na wazo la kufunga kifaa chini moja kwa moja. Tulilirudia baadae tulipopata tamaa, nitaeleza.

Uamuzi wa tatu ulihusu winchi. Tulipanga kuweka winchi ya mota inayojifunga hewa ikiwa mbaya. Kikao cha kwanza tu vijana watatu wanaovuta winchi wakauliza, sisi je? Pale malipo ni mgao wa viroba vya mawe, na mvuta winchi ana viroba vyake. Mota ikija, viroba vyao vinakwenda wapi? Dokta akalifuta lile wazo siku ile ile. Badala yake tukaweka kufuli la umeme kwenye breki ya winchi yao ya mkono, linafunguka kifaa kikisoma hewa nzuri. Vijana wakabaki na kazi yao.

Toleo la kwanza, la pili, na korosho

Toleo la kwanza lilifeli vibaya. Hapa ndo tamaa ilipotushika, tukasema tufunge kifaa chini kikae kipime saa 24 tupate data nyingi. Maji yakadondokea kwenye boksi, baruti ikalegeza nyaya, betri ikafa siku ya tisa. Meseji ya simu iliyotakiwa kutumwa kwa mzee haikuwahi kufika hata moja, bondeni kule mtandao hamna, unapanda kichuguu ndo unapata mstari mmoja.

La pili lilishuka ndani ya ndoo, kama ilivyopangwa mwanzo. Vihisi vitatu, cha oksijeni, cha kaboni dayoksaidi na cha kaboni monoksaidi. Kijani, shuka. Nyekundu, blowa iwashwe, isubiriwe dakika 20, ipimwe tena. Tulipanga oksijeni isipungue asilimia 19.5 na kaboni monoksaidi ikifika sehemu 35 kwa milioni taa iwe nyekundu. Kilifanya kazi vizuri kabisa. Wiki ya tatu nikafika bila kutoa taarifa nikakuta kufuli limefungwa waya pembeni, winchi inavutwa kama zamani.

Nilikasirika, nikataka kumpigia Dokta simu niseme hawa watu hawajipendi. Kijana mmoja wa winchi akaniambia kaka, hebu kaa. Blowa inakula petroli, petroli ananunua nani? Inakatwa kwenye mgao wetu. Kila dakika 20 za kusubiri mimi ndo nailipia, mwenye duara hailipii. Nilikuwa sijawahi kuuliza hilo swali, miezi minne yote.

Halafu ikaja Oktoba. Ratiba ya mfadhili ilisema Oktoba mpaka Desemba ni kukusanya data. Mtu yeyote wa Kusini angecheka, Oktoba watu wako kwenye mikorosho! Maduara yakabaki matupu. Na hili Dokta alilijua, kakulia shambani, lakini ratiba ilijazwa ofisini Dar kwa haraka na wote tuliisoma tukapitisha. Mimi kwa kuogopa dedilaini nikahamishia vifaa kwenye rushi moja ya mbali, machimbo mapya ya dhahabu yaliyojaa wageni, nikapima wiki tano. Sikufanya kalibresheni ya vihisi, yani kuhakikisha vinasoma sawa, kabla ya kuhama. Dokta alipoangalia zile namba akaona oksijeni inasoma asilimia 22 nje, kwenye hewa ya wazi, kitu ambacho hakiwezekani. Wiki tano zote zikafutwa. Akamwandikia mfadhili ukweli wote, akaomba muda mpaka baada ya msimu. Walimpa miezi sita.

Swali la fundi pampu

Kikao cha kurudisha matokeo tulifanya chini ya mwembe. Dokta akaonyesha grafu, kaboni monoksaidi inavyopanda pampu ikiwa chini na inavyokaa masaa baada ya kuzimwa. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema, binti yangu, umefanya vizuri, lakini mmekuja mkachukua habari zetu, mtakwenda kuziuza mjini kwa bei yenu, hii isiwe kangomba. Kwa msiokuwa wa huku, kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa magendo, mkulima ana shida anapimiwa kwa kopo kwa bei ya kutupa. Hakuna tusi zito kuliko hilo kwa mtoto wa mkulima wa korosho. Dokta alinyamaza kidogo, akasema nimekusikia baba.

Halafu fundi pampu, mtu wa makamo aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akanyoosha mkono. Akasema mnapima moshi, mnafunga winchi, mnawasha blowa, sawa. Mbona hamjatuuliza kwa nini tunashusha pampu?

Tulikuwa tumeamini ni uzembe. Kumbe ile pampu ya petroli inafyonza, na pampu ya kufyonza inategemea uzito wa hewa kuyasukuma maji yapande kwenye paipu, hata iwe mpya vipi haivuki mita kumi, na kwa hali halisi inaishia mita saba au nane. Duara lina mita 25. Ukiiweka juu, inanguruma bure. Lazima ishuke iwe karibu na maji, na ikishuka moshi unashuka nayo. Dokta alifundishwa hii kitu mwaka wa kwanza chuo na anaifundisha kila mwaka ubaoni.

Tiba yake ilikuwa inajulikana: pampu ya umeme inayozama kwenye maji, yenyewe inasukuma badala ya kufyonza, jenereta inabaki juu mbali na mdomo wa duara, upande ambao upepo hauleti moshi. Dokta akaongeza sharti moja, swichi inayokata umeme ukivuja, maana umeme na maji kwenye shimo bichi ni kifo kingine. Hela iliyobaki ya mradi, ambayo ilikuwa ya kwenda kusoma pepa kwenye mkutano nje, akaomba ibadilishwe matumizi. Zikanunuliwa pampu mbili, maduara sita yakapangiana zamu.

Matokeo

Kaboni monoksaidi kwenye maduara yale sita ilishuka mpaka taa nyekundu ikawa inawaka kwa sababu ya hewa nzito tu, siyo moshi. Wenye duara wanne kati ya sita walikubali petroli ya blowa itoke kwao kabla ya mgao, wawili walikataa, na kwa hao wawili waya wa kufuli ulirudi. Kwa kipindi nilichokuwepo hakuna aliyekufa kwa hewa kwenye yale sita, ila ni maduara sita kwa muda mfupi, kwahiyo sisemi zaidi ya hapo.

Kwa Dokta mwenyewe, pepa moja kwenye jarida dogo, na cheo cha mhadhiri mwandamizi kilichelewa miaka miwili nyuma ya wenzake aliorudi nao. Mwanafunzi aliyebaki alimaliza kwa data za duarani. Mgodi wa kinywe uliotuandikia barua haukuwa umeanza hadi naondoka kwenye mradi.

Uchambuzi

Nianze na barua ya kampuni, maana naona vijana wengi wanaingia humo. Kujenga mada za wanafunzi juu ya mgodi ambao haujachimbwa ni kosa la Dokta na yeye analikubali. Angeweza kumpa mmoja mada ya kinywe na mwingine mada isiyotegemea kampuni. Alifanya vile kwa sababu alitaka sana ujuzi wake utumike ulivyo, na mtu aliyekaa miaka mitano na leza ni vigumu kumwambia aiweke kabatini. Namwelewa. Lakini gharama ililipwa na mwanafunzi.

Kilichofanya kazi zaidi ni kwenda msibani na kukaa kimya. Watafiti tunafika na dodoso siku ya kwanza. Angeuliza siku ile, mzee asingetuita. Na kushusha kifaa kwa kamba ile ile ya kibatari kulifanya watu wakielewe bila semina, kwa sababu kazi yake walikuwa wanaijua tayari.

Kufuli la winchi bado nabishana nalo kichwani. Kama mhandisi naona lilikuwa zuri, kwa sababu mtu aliyechoka anayetaka mgao haachiwi aamue peke yake. Lakini tuliliweka kabla ya kujua nani analipia kusubiri. Pale petroli ilipotoka kwa mwenye duara, kufuli liliheshimiwa, pale ilipokatwa kwa vijana, lilifungwa waya. Hakuna softwea ya kurekebisha hiyo. Kuna watu wataniambia sheria na ukaguzi vingetosha, mi nasema mkaguzi anakuja mara moja, petroli inanunuliwa kila siku.

Kosa la Oktoba ni langu na lake, la kalibresheni ni langu peke yangu. Kipime kihisi kwenye hewa ya wazi kila asubuhi, kisome 20.9, ndo ukishushe. Dakika mbili. Ningefanya hivyo tusingepoteza wiki tano.

Sasa lile swali la fundi pampu. Kuna wenzetu wanasema kwamba kama pampu ndo ilikuwa dawa, basi vihisi vyote vile vilikuwa kupoteza muda. Sikubali. Grafu ya moshi ndo ilimfanya fundi anyooshe mkono, na ndo iliwashawishi wenye duara wapangiane zamu za pampu, kabla ya hapo walisema vijana wamekufa kwa kurogwa. Ila ni kweli pia kwamba tulitumia zaidi ya mwaka kujenga kitu cha kumlinda mtu na hatari, bila kuuliza hatari imefuata nini kule chini. Kwenye migodi inayojiendesha ya Pilbara na Kiruna swali la kwanza ni hilo hilo, nani au nini kinaweza kuondolewa pale hatari ilipo. Dokta alikuwa na jibu hilo kwenye PhD yake, alilisahau kwa sababu mbele yake kulikuwa na ndoo na kamba badala ya lori la tani mia mbili.

Na hapa ndo mfumo wetu wa vyeo unaniuma. Pampu mbili na kikao chini ya mwembe havina pointi. Pepa ya vihisi ina pointi, japo kilichopunguza moshi zaidi ni pampu. Dokta alipojaza fomu ya kupanda cheo aliandika ile pampu kwenye sehemu ya huduma kwa jamii, mistari miwili. Nilimwambia aiweke kwenye utafiti. Akasema kamati itairudisha.

Mara ya mwisho kufika, vihisi vya oksijeni vilikuwa vinakaribia kufa, vina umri wa kama miaka miwili tu halafu vinaisha hata usipovitumia, na bei yake mzee haiwezi. Nilikuta wanashusha ndoo yenye kifaa, halafu kwenye kamba hiyo hiyo, nusu mita juu yake, wamefunga kibatari kinawaka.